Fungueni chombo kile: Barua ya wazi kwa Dean na Makanoni wa Westminster Abbey

Kwa Mheshimiwa Dean (mkuu wa kanisa) na Makanoni (mapadri wanaoliongoza pamoja naye) wa Westminster Abbey, London.

Nakala: Mfalme Charles III, ambaye kanisa lenu liko chini yake moja kwa moja, bila kupitia kwa askofu yeyote.

YAH: MIFUPA ILIYOMO KATIKA CHOMBO CHA MARUMARU, KANISA DOGO LA HENRY VII

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Leicester. Mimi ni Mtanzania ninayeishi na kufanya kazi katika mji huu, na nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu nataka watu wangu waisome barua hii kabla yenu. Nyinyi wakalimani hamkosi.

Sina undugu na yeyote nitakayemtaja humu, wala simo katika chama cha kumtetea Richard III, mfalme anayetuhumiwa kuwaua watoto ninaotaka kuwazungumzia, ingawa ukiishi Leicester si rahisi kumkwepa: sanamu yake ipo, jumba lake la maonyesho lipo, kaburi lake lipo. Ninachoomba ni kimoja. Ruhusuni mifupa mliyoihifadhi kwa jina la Edward V na mdogo wake, wana wa mfalme waliotoweka mwaka 1483, ipimwe umri, jinsia na nasaba, kisha irudishwe ilipokuwa kwa sala zenu. Najua ombi hili mmekwisha kuletewa na wataalamu, na jibu limekuwa hapana. Nalileta tena kwa hoja ambayo naona haijatiliwa uzito wa kutosha: katika habari hii nyinyi si watunza makaburi tu. Nyumba yenu ilihusika tangu mwanzo.

Kwa wasomaji wenzangu wasioifahamu habari yenyewe, niisimulie kidogo.

Mfalme Edward IV alifariki tarehe 9 Aprili 1483, hajatimiza hata miaka 41. Mrithi wake, Edward, alikuwa na miaka 12 na alilelewa Ludlow, karibu na mpaka wa Wales, chini ya mjomba wake Anthony Woodville. Mdogo wa mrithi, Richard, Duke wa York (Duke ni cheo cha juu cha ubwana), mtoto wa miaka 9, alikuwa London na mama yao, Malkia Elizabeth Woodville. Basi likaja swali ambalo hata vijijini kwetu linawatoa watu jasho kila mwenye mali anapokufa na kuacha watoto wadogo: nani atakaa na mtoto mpaka akue, wajomba au baba mdogo? Wajomba walikuwa naye tayari, na walikuwa na haraka. Kutawazwa kulipangwa kufanyika 4 Mei, maana mtoto akishapakwa mafuta na kuvishwa taji, mlinzi wa ufalme hana tena nguvu ya kutisha. Baba mdogo alikuwa Richard, Duke wa Gloucester, ndiye Richard III wa baadaye, aliyekuwa akiitawala kaskazini kwa niaba ya kaka yake na hakuwahi kumgeuka hata mara moja katika uhai wake. Hilo la mwisho nalisisitiza, kwa kuwa ndilo lililowafanya watu wamwamini.

Jioni ya 29 Aprili, mjini Northampton, Richard alikula chakula na Anthony Woodville kwa furaha na maongezi. Duke wa Buckingham, mshirika wa Richard, akajiunga nao. Kulipokucha wakamkamata yule waliyekula naye. Wakaenda Stony Stratford alikokuwa mtoto, wakamwinamia kama mfalme, kisha wakamwondolea watu wake wote na kumwambia kwamba hao ndio waliotaka kumdhuru baba yake mdogo. Dominic Mancini, Mwitaliano aliyekuwapo London miezi ile na kuandika habari zake kabla mwaka haujaisha, anasema mtoto alijibu kwamba watu wale alipewa na baba yake, na yeye anaamini baba yake alimpa watu wema. Miaka 12 hiyo. Hakuna aliyemjibu hoja yake.

Habari zikafika London, na hapa ndipo nyinyi mnapoingia. Malkia alimchukua mtoto wake mdogo wa kiume, akawachukua na mabinti zake, akakimbilia kwenu kuomba hifadhi ya kanisa, ambamo mtu hakuruhusiwa kukamatwa. Hakuwa mgeni. Mwaka 1470, mumewe alipopinduliwa na kukimbilia ng'ambo, alikimbilia hapo hapo akiwa mjamzito, na ni hapo hapo katika hifadhi ya Westminster alipojifungua huyu Edward tunayemzungumza. Mtoto alizaliwa mikononi mwa abasia yenu na akabatizwa kwenu. Hata kama mngekuwa hamna deni lingine lolote kwake, hilo peke yake lingetosha.

Lakini deni lingine lipo, na ni zito. Edward aliingizwa London tarehe 4 Mei, siku ile ile aliyokuwa atawazwe. Baraza likamthibitisha Richard kuwa Mlinzi wa Ufalme, kutawazwa kukasogezwa hadi 22 Juni, na mtoto akahamishiwa Mnara wa London, ambao wakati ule ulikuwa kasri la kifalme pia na wafalme walikaa humo kabla ya kutawazwa. Tarehe 13 Juni, kikaoni humo humo Mnarani, Lord Hastings, rafiki mkubwa wa marehemu mfalme, alishtakiwa kwa uhaini na kukatwa kichwa papo hapo bila kesi. Siku tatu baadaye mashua zilizojaa watu wenye silaha zikafika Westminster. Askofu Mkuu wa Canterbury, Thomas Bourchier, akaingia kwa malkia kumwomba amtoe mtoto mdogo: kaka yake yuko peke yake, sherehe imekaribia, haipendezi ndugu wa mfalme aonekane amejificha kanisani kama mhalifu. Nje wenye silaha walisubiri. Bourchier alitaka kuepusha hifadhi isivunjwe kwa nguvu, na inawezekana kabisa aliamini alichokuwa akikisema. Malkia akamtoa mtoto kwa neno la Kanisa.

Ilikuwa 16 Juni. Tarehe 22, siku iliyopangwa kwa ajili ya kumtawaza Edward, mhubiri Ralph Shaa alisimama nje ya kanisa la St Paul's akatangaza kwamba watoto wa Edward IV si halali. Tarehe 25 Anthony Woodville alikatwa kichwa Pontefract. Tarehe 26 Richard alikwenda Westminster Hall, mlangoni kwenu, akakaa kwenye kiti cha mfalme. Siku 10 tu tangu mtoto atoke hifadhini. Na tarehe 6 Julai alitawazwa ndani ya kanisa lenu, na aliyemvika taji ni Bourchier yule yule. (Mzee huyu alikuwa amemtawaza Edward IV mwaka 1461, na miaka miwili baadaye alikuja kumtawaza na Henry VII aliyemshinda Richard vitani na kuchukua kiti. Wapo watu ambao kila serikali inawakuta ofisini.)

Watoto walionekana bustanini mwa Mnara wakicheza na kulenga shabaha kwa mishale. Kisha wakaonekana kwa nadra, nyuma ya madirisha. Kisha hawakuonekana tena. Mancini anasema daktari wa Edward, ambaye ni miongoni mwa watu wa mwisho kumhudumia, alieleza kwamba kijana alikuwa akiungama dhambi kila siku kwa sababu aliamini kifo kinamkabili. Machi 1484 malkia alipokubali hatimaye kuwatoa mabinti zake hifadhini, Richard alilazimika kuapa hadharani kwamba watakuwa salama. Kiapo kile ni cha mabinti. Kuhusu wavulana hakisemi kitu.

Kwamba Richard alinyakua kiti, mimi sina mjadala. Sababu aliyoitoa ni kwamba kaka yake, kabla ya kumwoa Elizabeth kwa siri mwaka 1464, alikuwa ameahidiana ndoa na Eleanor Butler, binti wa Earl wa Shrewsbury, na kwa sheria ya Kanisa ya wakati ule ahadi ya namna hiyo iliweza kuhesabiwa kuwa ndoa kamili. Basi Elizabeth si mke na watoto si warithi. Huenda ilikuwa kweli. Edward IV hakuwa mtu wa kuwekewa dhamana kwa mambo ya wanawake. Lakini Eleanor alikuwa amekufa tangu 1468, Edward naye kafa, na waliobaki kusema ni wale wanaofaidika. Uhalali wa ndoa ulikuwa jambo la mahakama za Kanisa. Haukupelekwa huko. Ulihubiriwa barabarani, ukasomwa mbele ya mabwana waliojua kwamba jeshi la kaskazini limeitwa na liko njiani, na Januari 1484 Bunge likaupitisha uwe sheria.

Alipokuja Henry VII, baada ya Richard kuuawa vitani Bosworth tarehe 22 Agosti 1485, yeye naye akafanya yake. Aliamuru sheria ile ifutwe bila hata kusomwa bungeni, na kila nakala iharibiwe. Nia yake ilieleweka: alikuwa anamwoa Elizabeth wa York, dada ya wale wavulana, na hakutaka malkia mwenye doa la kuzaliwa. Ila ukimrudishia dada uhalali wake, umewarudishia na kaka zake, na kama kaka zake wako hai, basi kiti ni chao. Ndiyo maana mwaka 1491 alipojitokeza kijana anayeitwa Perkin Warbeck akidai kuwa yeye ndiye Richard, Duke wa York, Henry hakupata usingizi mzuri mpaka alipomnyonga mwaka 1499. Makaburi mawili yangemaliza ubishi ule kwa siku moja. Hakuwa na la kuonyesha.

Sasa tuje kwenye jiwe lenu.

Chombo kile cha marumaru kilibuniwa na msanifu majengo Christopher Wren na kuwekwa mwaka 1678 kwa amri ya Charles II, mfalme wa wakati ule. Maandishi yake ya Kilatini yanasema kwamba hapa yamo mabaki ya Edward V, Mfalme wa Uingereza, na Richard, Duke wa York. Kwamba ndugu hawa walifungiwa Mnarani, wakazibwa pumzi kwa mito ya kulalia, wakazikwa kwa siri na kwa aibu kwa amri ya baba yao mdogo Richard, mnyang'anyi msaliti wa ufalme. Kwamba mifupa yao, iliyotafutwa kwa muda mrefu, ilikutwa tarehe 17 Julai 1674 chini ya kifusi cha ngazi baada ya miaka 191, na kutambuliwa kwa dalili za hakika kabisa.

Dalili za hakika kabisa! Waheshimiwa, nimejaribu kuzitafuta dalili hizo. Nilichokuta ni hiki. Mafundi walikuwa wakibomoa ngazi ya White Tower, jengo kuu la Mnara wa London, na kwenye kina cha futi kama 10 wakakuta sanduku la mbao lenye mifupa ya watoto wawili. Hawakuishtukia, mifupa ilitupwa pamoja na kifusi, kisha mtu akapata wazo, ikaenda kuokotwa. Wazo lenyewe lilitoka kwa Thomas More, aliyeandika miongo mitatu hivi baada ya tukio kwamba watoto waliuawa na watu wa James Tyrell, mtumishi wa Richard, na kuzikwa chini ya ngazi. Tatizo ni kwamba More huyo huyo anaendelea kusema kwamba walifukuliwa na padri mmoja na kuzikwa kwingine. Wakati wa Charles II walisoma nusu ya kwanza ya habari wakafunga kitabu.

Na Mnara ule haukujengwa kwenye ardhi ambayo haijawahi kukaliwa na watu. Mwaka 1977 wachimbaji walikuta humo ndani mifupa ya kijana aliyeishi zama za Chuma, zaidi ya miaka elfu moja kabla White Tower haujawekewa jiwe la msingi. Mifupa ya watoto wawili kwenye kina cha futi 10 inaweza kuwa ya wana wa mfalme. Inaweza pia kuwa ya watoto waliokufa kabla Waingereza hawajaitwa Waingereza.

Mara moja tu mmekubali kuangalia. Tarehe 6 Julai 1933, miaka 450 kamili tangu Richard atawazwe kwenu (sijui kama kuna aliyeligundua hilo siku ile), chombo kilifunguliwa mbele ya Lawrence Tanner, mtunza nyaraka wenu, na Profesa William Wright, mtaalamu wa maumbile ya mwili. Walikuta mifupa ya watoto wawili isiyokamilika, imechanganyika na mifupa ya wanyama. Wakapima urefu, wakatazama meno, wakasema mmoja alikuwa na miaka 12 au 13 na mwingine miaka 9 hadi 11. Ikapatana na umri wa wale ndugu, jambo likaisha. Lakini Wright aliianza kazi akijua tayari anatafuta nani. Hakuthibitisha kwamba ni wavulana. Hakuthibitisha kwamba ni wa karne ya 15, na hakuwa na namna, maana upimaji wa umri kwa kaboni ulikuja kugunduliwa zaidi ya miaka 10 baadaye. Doa aliloliona kwenye fuvu la mkubwa alilichukua kuwa alama ya kuzibwa pumzi, na wataalamu waliokuja baada yake hawakukubaliana naye. Simlaumu, alitumia alichokuwa nacho. Nawalaumu wanaotaka neno lake libaki kuwa la mwisho karibu karne nzima baada yake.

Hapa Leicester tumeona kinachowezekana. Septemba 2012 mifupa ya Richard mwenyewe ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari ya ofisi za manispaa, mahali lilipokuwa kanisa la watawa wa Greyfriars. Wataalamu wa chuo kikuu cha hapa wakapima kaboni, wakaangalia uti wa mgongo, wakalinganisha DNA anayoirithi mtu kwa mama yake tu na ya uzao wa dada yake Anne wa York, uliofuatiliwa kupitia wanawake vizazi kwa vizazi hadi kwa seremala mmoja aliyekuwa akiishi London, Michael Ibsen. Februari 2013 wakatangaza ni yeye. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kweli, ila mkono uliokauka uliosimuliwa kwa karne nyingi haukuwapo. Majeraha 11, tisa kati yake kichwani. Waliompenda na waliomchukia, wote walilazimika kurekebisha kitu. Machi 2015 alizikwa upya katika kanisa kuu la hapa, watu wakajipanga barabarani kumpitisha. Sikumsikia aliyesema amevunjiwa heshima. Kwa kweli ni heshima aliyoikosa mwaka 1485.

Kwa kupatikana kwake, kazi yenu imekuwa rahisi zaidi. Baba yake Richard ndiye babu wa wavulana wale kwa upande wa baba, kwa hiyo kromosomu Y, ile anayoirithi mwana kwa baba yake tu, ya mifupa yenu inapaswa kufanana na ya mifupa ya Leicester. Nasema inapaswa, kwa sababu mwaka 1483 wafuasi wa Richard walisambaza uvumi kwamba hata Edward IV hakuwa mtoto wa baba yake, na kwa sababu watafiti wa Leicester waligundua kwamba mahali fulani kati ya Richard na matawi mengine ya ukoo wa Edward III kuna mtoto aliyeandikwa kwa baba asiye wake. Kwa hiyo upande wa baba peke yake hautoshi. Upande wa mama upo: marehemu John Ashdown-Hill, mwanahistoria aliyeifuatilia nasaba iliyotumika kumtambua Richard, alishiriki pia kuufuatilia ukoo wa kike wa Elizabeth Woodville hadi kwa mtu aliye hai. Hatua ya kwanza haihitaji hata hayo. Kipande kidogo cha mfupa, kaboni ipimwe, na kama ni cha zama za Warumi basi tumemaliza, na wale wawili wanastahili kuondolewa majina yasiyo yao.

Mnaposema marehemu wasisumbuliwe, nakumbuka Anne Mowbray. Alikuwa mke wa Richard, Duke wa York, kama mtoto anaweza kuitwa mke: waliozeshwa Januari 1478, bibi harusi ana miaka 5 na bwana harusi 4. Alikufa mwaka 1481 na kuzikwa kwenu, akaondolewa kanisa dogo alimozikwa lilipobomolewa kupisha ujenzi wa kanisa dogo la Henry VII, na mwaka 1964 mafundi wakalikuta jeneza lake la risasi mashariki mwa London. Wanasayansi wakamchunguza mwili, nywele na meno. Kisha 1965 mkampokea na kumzika upya katika kanisa lile lile lenye chombo cha mumewe. Hamkusema amenajisika kwa kuchunguzwa. Basi kama mke alichunguzwa akazikwa kwa heshima, mume ana nini?

Na kuna jambo jingine ambalo mtu wa kwetu hawezi kulinyamazia. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alipojiua mwaka 1898 ili asishikwe na Wajerumani, walimkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu lake kwa serikali ya Uingereza. Lilichukua hadi 1954. Gavana Edward Twining alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, akaonyeshwa mafuvu mengi, akachagua moja ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa, akalikabidhi Kalenga kwa gwaride. Ndiyo njia ya Profesa Wright kabisa: unajua unamtafuta nani, unapima, unampata. Wapo Watanzania wanaouliza hadi leo kama lile ndilo lenyewe. Linganisheni na lililotokea Septemba 2023, pale Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia wa Berlin ulipotangaza kwamba vipimo vya DNA vimewapata jamaa walio hai wa mafuvu matatu yaliyochukuliwa eneo la Kilimanjaro wakati wa ukoloni, fuvu mojawapo likiwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli, yule aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Familia zile hazikuambiwa kwamba kupima ni kumsumbua marehemu. Marehemu alikwisha kusumbuliwa zamani. Kipimo kilimrudishia jina.

Hata wenu wamekwisha kusumbuliwa. Walipigwa sururu, wakatupwa jalalani, wakakaa miaka minne wakisubiri marumaru, wakachanganywa na mifupa ya kuku na ng'ombe, wakapangwa mezani mwaka 1933. Kilichokatazwa ni ile hatua moja tu ambayo ingewafaa.

Nimesikia pia hofu kwamba mkifungua hiki, kesho mtaletewa maombi ya kufungua makaburi yote ya wafalme. Sioni kwa nini. Kaburi la Henry VII lina Henry VII. Alizikwa mchana, mbele za watu, na hakuna anayebisha. Chombo hiki ndicho chenye mashaka, na ndicho kilichoandikwa kwamba hakina mashaka.

Kipimo hakitatuambia nani aliua. Hata mifupa ikithibitika ni yao, bado watakuwapo wa kusema ni Buckingham, wa kusema ni Henry VII, na wengi zaidi, nikiwamo mimi, wa kusema kwamba mtu aliyewashika watoto mikononi na kuchukua kiti chao ndiye wa kwanza kuulizwa waliko. Mwaka 2023 Philippa Langley, aliyesukuma mpaka Richard akatafutwa hapa Leicester, alitoa nyaraka anazoona zinathibitisha kwamba wote wawili walinusurika na kuvushwa hadi bara. Mwaka uliofuata Profesa Tim Thornton wa Chuo Kikuu cha Huddersfield alitangaza wosia wa karne ya 16 unaotaja mkufu wa Edward V, ukiwa mikononi mwa jamaa za Tyrell kwa ndoa. Hizi zinavuta huku, ule unavuta kule, na kati yao kuna sanduku la mawe ambalo lingeweza kupunguza nusu ya ubishi kwa wiki chache za maabara.

Mwaka 1483 walioshika madaraka waliamua nani asikilizwe na nani asionekane. Mwaka 1485 waliofuata wakaamuru karatasi zichomwe bila kusomwa. Mwaka 1678 wengine wakaandika hukumu kwenye marumaru. Nyinyi hamkufanya lolote kati ya hayo, lakini ufunguo uko kwenu na kwa Mfalme.

Kwa hiyo naomba haya. Sampuli ndogo kabisa ichukuliwe humo humo kanisani, na watu mtakaowachagua wenyewe, bila kamera kama hamzitaki. Kaboni kwanza, DNA ifuate ikiwa tu kaboni itaonyesha karne ya 15. Matokeo yatangazwe yote, hata yakiwa ya kuaibisha. Marumaru ya Wren isiguswe, ni kazi nzuri na ni historia nayo. Wekeni kibao kidogo pembeni kieleze kilichopimwa na kilichopatikana. Na kama watoto wale si wana wa mfalme, msiwatoe. Wamekaa kwenu miaka zaidi ya 340, mahali hapo ni pao sasa.

Mkikataa, nawaomba mkatae kwa maandishi na mseme sababu. Kiingereza kinatosha. Nitaitafsiri barua yenu mwenyewe na kuitoa hapa hapa nilipoitoa hii, neno kwa neno.

Wasalaam,

Mtanzania wa Leicester